Majilio Nyumbani: Hatua kwa Hatua kwa Familia ya Nairobi

Majilio ni kipindi cha majuma manne hivi ambacho Kanisa hukitumia kujiandaa kwa Krismasi, na familia nyingi za Nairobi hukipita mbio bila kukiona. Novemba ikikaribia kwisha, shule zimefungwa, watoto wako nyumbani mchana kutwa, maduka makubwa yamekuwa yakipiga nyimbo za Krismasi kwa muda, na wazazi wanawaza nauli ya kwenda mashambani na karo ya Januari. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukiadhimisha kipindi hicho nyumbani kwa vitu vinavyopatikana hapa mjini, kwa gharama ndogo, na kwa namna ambayo kila mtoto atakuwa na kazi ya mikono badala ya kuketi tu akisikiliza. Umeandikwa kwanza kwa wanaofuata kalenda ya Kanisa, yaani Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na wengineo, ingawa hakuna kinachomzuia Mkristo mwingine yeyote kuutumia.

Kabla ya hatua yenyewe ya kwanza, nashauri msifanye yote yaliyoandikwa hapa. Kiini cha Majilio ni kungoja, na nyumba yenye shughuli kumi mpya kila jioni haingojei chochote, inachoka tu. Chagueni jambo moja la kila siku, jingine la mikono, na la tatu la kuwatoa nje ya mlango wenu. Mkiyatimiza hayo matatu mwaka huu, mengine yatakuwepo mwaka ujao.

Hatua ya kwanza: wekeni tarehe na saa

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza haiwezi kutangulia 27 Novemba wala kupita 3 Desemba. Jumapili huwa nne sikuzote, lakini jumla ya siku hubadilika kati ya 22 na 28 kulingana na siku ya juma ambayo Krismasi imeangukia. Mwaka 2026 kipindi kitaanza 29 Novemba na kuwa na siku 26; mwaka 2027 kitaanza 28 Novemba na kuwa na siku 27; mwaka 2028 kitaanza 3 Desemba na kuwa na siku 22 pekee, na Jumapili ya nne itakuwa ndiyo siku ya mkesha wenyewe. Kalenda za Majilio zinazouzwa madukani, zile zenye kidirisha cha kufungua kila siku, huanza tarehe 1 Desemba ili ziweze kutumika mwaka wowote, basi msishangae zisipolingana na ya parokia.

Chukueni kalenda ya ukutani, ile mliyopewa na duka au chama, na mtoto azungushie rangi ya zambarau Jumapili hizo nne. Aongeze tarehe 4, 6, 8, 12 na 13 Desemba, ambazo tutazirudia, kisha siku ambayo familia inatarajia kusafiri. Siku hii ya safari isisahaulike, kwa kuwa Majilio ya watu wengi mjini hukatika palepale mabegi yanapofungwa.

Saa ni jambo gumu kuliko tarehe. Anayetoka kazini kupitia Barabara ya Thika au ya Mombasa anajua kwamba saa moja ya jioni inaweza kugeuka saa tatu mvua ikinyesha, na vuli haijaisha mwanzoni mwa Desemba. Ninapendekeza dakika kumi kabla ya chajio, chakula kikiwa tayari jikoni, maana baada ya kula watoto wadogo husinzia na wakubwa hutafuta simu zao. Kubalianeni pia mapema kwamba mzazi akichelewa, mtoto mkubwa ataongoza na mtu mzima aliyepo atawasha mishumaa. Ibada inayomsubiri baba kila siku hufa katika juma la pili.

Hatua ya pili: tengenezeni taji

Taji la Majilio, yaani duara la matawi mabichi lenye mishumaa minne, lina asili inayofaa kusimuliwa watoto. Mwaka 1839, katika mji wa Hamburg nchini Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri aliyeitwa Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini katika makao yake. Inasimuliwa kwamba watoto hao walimsumbua kila siku kwa swali lilelile, kama Krismasi imefika, ndipo akachukua gurudumu na kulipachika mishumaa, mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku za kati, ili wajihesabie wenyewe. Baadaye mishumaa ikapunguzwa ikabaki minne, na desturi hiyo ikaenea makanisa mengi. Mzazi yeyote wa Nairobi anayeulizwa kila asubuhi tunaenda mashambani lini atamwelewa Wichern bila maelezo.

Kwa taji la mezani mnahitaji sinia la bati lenye upana wa sentimita 35 hivi, mchanga safi wa kulijaza kwa kina cha vidole viwili, mishumaa minne, na matawi mabichi. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kuwakunjia pete ya chuma yenye vikombe vinne vya mishumaa mkiwachorea mnachotaka, nayo itadumu miaka mingi, lakini sinia lenye mchanga ni salama zaidi kwa nyumba yenye mtoto mdogo, kwa sababu mshumaa ukianguka unaangukia mchanga. Matawi ya saiprasi yanapatikana kwenye nyua za mitaa mingi. Ombeni ruhusa ya mwenye ua, mkate vipande vya urefu wa kiganja, mvichomeke mchangani vikilalia upande mmoja kuzunguka sinia ili miisho iliyokatwa ifichwe na majani ya tawi linalofuata. Nyunyizeni maji kila baada ya siku mbili na mbadilishe matawi kila Jumamosi. Saiprasi iliyokauka hushika moto upesi mno, na kwa sababu hiyo matawi yasikaribie utambi kwa umbali unaopungua upana wa kiganja.

Mishumaa ya desturi ni mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi, na huo wa waridi ni wa Jumapili ya tatu. Maduka ya vitabu na vifaa vya Kikatoliki yaliyo karibu na Basilika ya Familia Takatifu ni mahali pazuri pa kuanzia kuitafuta. Ikikosekana, mishumaa myeupe ya kawaida inatosha: fungeni utepe wa rangi chini kabisa, sehemu itakayozama mchangani nusu, mkiuondoa utepe huo mshumaa unapofupika. Kwa familia inayoishi katika nyumba ya mabati au mbao, ambamo moto mmoja unaweza kuchukua safu nzima ya majirani, ningeshauri mishumaa iachwe na taa nne ndogo za sola zitumike mahali pake. Taa zinahesabu Jumapili sawasawa na mishumaa.

Jumapili ya kwanza mnawasha mshumaa mmoja, na mmoja huo huo kila jioni hadi Jumamosi, juma la pili miwili, na kadhalika. Mwishoni mwa kipindi mshumaa wa kwanza utakuwa kisiki na wa nne utakuwa mrefu karibu kama ulivyonunuliwa. Msiibadilishe ili ilingane. Urefu wake usiolingana ndio unaoonyesha muda uliopita, na mtoto asiyejua kusoma kalenda anaweza kuusoma.

Hatua ya tatu: pangeni dakika kumi za jioni

Zimeni taa na televisheni, kisha kaeni gizani kwa muda wa kuvuta pumzi kadhaa kabla ya kiberiti kuwashwa. Stima ikipotea jioni hiyo, mmepunguziwa kazi. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayetaja ni mshumaa wa ngapi, mtu mzima au mtoto mkubwa anauwasha, kisha linafuata somo, sala fupi ya mmoja wenu kwa maneno yake mwenyewe, wimbo, na chakula kinapakuliwa mishumaa ingali inawaka.

Somo likiwa refu, dakika kumi hugeuka nusu saa na watoto huanza kuichukia jioni. Kwa familia yenye watoto wadogo yanatosha mafungu machache yanayorudiwa juma zima: Isaya 9 juu ya watu waliokaa gizani kwa juma la kwanza, Isaya 40 juu ya njia inayotengenezwa nyikani kwa la pili, Isaya 35 juu ya jangwa linalochanua kwa la tatu, na Luka 1 juu ya Maria na malaika kwa la nne. Kurudia si ufukara. Kufikia Ijumaa, mtoto wa miaka sita atakuwa akilisema somo pamoja na msomaji.

Familia yenye vijana waliomaliza shule ya msingi inaweza kufuata mpango mwingine unaopendwa sehemu nyingi. Injili ya Luka ina sura 24, na kuanzia tarehe 1 hadi 24 Desemba kuna siku 24, kwa hiyo mkisoma sura moja kila jioni mtafika Krismasi mkiwa mmeisoma Injili yote. Baadhi ya sura ni ndefu, ile ya kwanza hasa, basi wagawieni wasomaji watatu au wanne. Vijana huuliza maswali magumu katika mpango huu, na mzazi asiogope kusema kwamba jibu litatafutwa kwa padri au mchungaji Jumapili.

Kila mshumaa kwa kawaida hupewa jina: tumaini, amani, furaha, upendo. Mpangilio hutofautiana kati ya kanisa na kanisa, basi fuateni wa kanisa lenu na msibishane na majirani.

Hatua ya nne: otesheni mbegu

Hatua hii ndiyo ninayoipendelea kuliko zote. Taji la matawi mabichi lilibuniwa na watu ambao Desemba yao ni baridi, miti imepukutika, na jua linatua alasiri. Kwao tawi la kijani ni ishara inayoshtua. Nairobi hali ni tofauti. Jua la Desemba hutua karibu saa kumi na mbili na nusu kama miezi mingine, mvua za vuli zimeacha nyua na vichaka vikiwa vya kijani, na ua la mjakaranda lenye zambarau yake limeshadondoka barabarani kabla Majilio hayajaanza. Mtoto wa hapa hashangazwi na tawi bichi, ila atashangazwa na punje kavu iliyogeuka jani mbele ya macho yake.

Kupanda nafaka katika Majilio ni desturi ya zamani pia. Wakristo wa Lebanoni na watu wa Provence, kusini mwa Ufaransa, hupanda ngano kwenye sahani tarehe 4 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, ili iwe imeota vizuri kufikia Krismasi na kuwekwa karibu na pango la Krismasi, zile sanamu za kuzaliwa kwa Yesu. Nanyi fanyeni hivi.

Nunueni ngano nzima, kikombe kimoja tu, kwenye duka la nafaka. Hakikisheni ni ya kuliwa. Mbegu ya kupandia mara nyingi hutiwa dawa na rangi, na haifai mikononi mwa watoto. Jioni ya tarehe 3 mtoto ailoweke kwenye maji. Asubuhi ya tarehe 4 ayamwage maji, aweke udongo laini au pamba iliyolowa kwenye sahani ya kina kifupi, atandaze punje juu yake zikigusana bila kupandana, kisha afunike kwa kitambaa chenye unyevu. Kitambaa kiondolewe ncha nyeupe zinapoonekana, siku mbili au tatu baadaye, na sahani ihamishiwe dirishani. Maji yawe machache kila asubuhi. Punje zikielea zitaoza na kunuka. Baada ya juma moja mtaona zulia dogo la kijani, na kufikia tarehe 24 majani yatakuwa yamepita urefu wa kiganja na mtayafunga katikati kwa utepe. Wanaoishi ghorofani wajihadhari na panya, ambao hupenda ngano iliyochipua kuliko kitu chochote.

Maharagwe mawili au matatu yanaweza kuongezwa kwenye glasi, yakibanwa kati ya pamba na kioo ili mzizi uonekane ukishuka kabla shina halijapanda. Mtoto akiwa ameketi mbele ya glasi hiyo ndipo asomewe Isaya 11:1, mahali nabii anapozungumzia chipukizi litakalotoka katika shina la Yese. Hamtahitaji kulifafanua sana.

Hatua ya tano: vibiriti vya kazi

Kalenda ya Majilio yenye chokoleti ni ghali na huisha utamu wake haraka. Kusanyeni maganda 24 ya viberiti, ombeni majirani na mama mboga wawasaidie kuyapata, na muyavike vipande vya kitenge ambavyo fundi wa nguo hutupa sakafuni. Yaandikeni namba, myatundike kwenye kamba ya katani kutoka pembe moja ya sebule hadi nyingine, na ndani ya kila kimoja mtie karatasi yenye kazi ya siku hiyo.

Ubora wa kalenda hii unategemea karatasi. Kazi isemayo "kuwa mtoto mwema leo" haina maana, kwa kuwa hakuna anayejua imekamilika lini. Andikeni kazi zenye mwisho unaoonekana: mpigie nyanya simu umuulize Krismasi ya utotoni mwake ilikuwaje, osha vyombo vya chajio zamu isiyo yako, chagua nguo mbili zinazokubana lakini hazijachanika, uzifue, uzipige pasi, mchoree kadi mgonjwa wa jumuiya, mfundishe mdogo wako ubeti mmoja wa wimbo, msaidie mama mboga kumenya njegere kwa nusu saa, waombee kwa majina watu waliokufa mwaka huu. Wazazi nao wapate zao, na watoto wazione wakizitimiza. Tena, msiandike karatasi zote 24 tarehe 30 Novemba. Andikeni za juma moja moja kila Jumamosi mkijua ratiba, maana kazi ya kumtembelea jirani iliyoangukia siku ambayo jirani amesafiri huwavunja moyo watoto.

Hatua ya sita: Maria na Yosefu wasafiri

Pango la Krismasi linahusishwa na Fransisko wa Asizi, ambaye mwaka 1223 alitayarisha hori yenye ng'ombe na punda halisi kule Greccio, Italia, ili watu waone kwa macho jinsi Mtoto alivyolazwa. Familia nyingi hulipanga pango lote kwa siku moja, kisha hakuna anayeliangalia tena. Lijengeni polepole.

Sanamu zinaweza kununuliwa. Wakenya huzitengeneza kwa majani makavu ya migomba, kwa mbao na kwa mawe ya Kisii. Lakini magunzi ya mahindi yaliyovikwa vitambaa ni mazuri vilevile, na mtoto aliyemvika Yosefu kwa mikono yake atamlinda dhidi ya wadogo zake. Juma la kwanza wekeni pango tupu kwenye rafu: boksi lililolazwa ubavu, nyasi kavu, basi. Juma la pili waingie wanyama. Maria na Yosefu waanzie mbali kabisa na pango, kwenye mlango wa mbele au dirisha la jikoni, na kila jioni baada ya ibada mtoto mmoja awasogeze hatua moja. Katika chumba kimoja safari itapita juu ya mtungi wa maji, kitanda na televisheni, na inapendeza hivyohivyo. Watakaa siku mbili juu ya friji kwa kuwa mtu amesahau zamu yake, na mdogo atauliza, "Mama, mbona Yosefu bado yuko pale?" Jibu zuri ni kumpa yeye zamu. Mamajusi waanze safari yao mahali pengine, wachelewe, wasifike kabla ya Epifania tarehe 6 Januari.

Kuhusu mti wa Krismasi, maoni yangu ni kwamba uchelewe. Ukisimamishwa na taa zake tarehe 1 Desemba, taji lenye mshumaa mmoja halina nafasi ya kuonekana. Watoto wakibana sana, usimamisheni Jumapili ya tatu bila mapambo, kisha muupambe mkesha.

Hatua ya saba: toeni, na mwanzie langoni

Majilio si Kwaresima, na Kanisa Katoliki haliamuru kufunga katika kipindi hiki. Hata hivyo familia inaweza kukubaliana kuacha kitu kimoja kwa hiari: soda, nyama ya siku moja katika juma, au chapati. Naipendekeza chapati. Ikiachwa kuanzia Jumapili ya kwanza, kisha ikapikwa Jumapili ya tatu, ile ya furaha yenye mshumaa wa waridi, hakuna mtoto atakayehitaji kuelezwa kwa nini rangi imebadilika. Harufu ya mafuta kwenye kikaango itamweleza.

Fedha iliyookolewa iingie kwenye mkebe ulio mezani karibu na taji, na watoto waihesabu wenyewe kila Jumamosi. Juma la tatu nendeni nao sokoni kununua unga, mchele, sukari, mafuta na sabuni. Nunueni mchele uleule mnaoupika nyumbani kwenu, hata kama utakuwa kilo chache. Ulizeni kwa viongozi wa jumuiya ni nani aliye na haja, na mfikishe kabla ya tarehe 20, kwa kuwa wanaopokea nao husafiri au wanahitaji muda wa kupanga. Msiwapige picha. Nalisema hili kwa sababu nimeona picha za namna hiyo zikizungushwa kwenye vikundi vya simu, na mtoto wa nyumba iliyopokea alisoma darasa moja na mtoto wa nyumba iliyotoa.

Kwa mwaka 2026 kuna nafasi maalumu. Mwaka wa liturujia utakaoanza 29 Novemba ni Mwaka B, yaani wa pili katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, na Injili ya Jumapili hiyo inatoka Marko 13, ambamo mwenye nyumba anasafiri na kumwamuru bawabu akeshe. Karibu kila ploti na mtaa wa Nairobi una bawabu wa usiku. Jioni ya Jumapili hiyo jazeni chupa ya chai ya maziwa, mfunge mkate uliopakwa siagi, na watoto waipeleke langoni pamoja na mzazi. Wamuulize jina, na ikiwa ana watoto wamwite kwa jina la mwanawe, Baba Fulani, kama wanavyowaita majirani wengine. Wamuulize pia anafanyaje asilale. Majibu yake yanaweza kuwa mahubiri bora zaidi kuhusu kukesha watakayoyasikia mwaka huo.

Siku za katikati

Tarehe 6 ni ya Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Mira katika nchi ambayo leo ni Uturuki, anayekumbukwa kwa kutoa kwa siri. Kule Ulaya watoto huacha viatu mlangoni vijazwe zawadi. Hapa, kwa matope ya vuli, inafaa zaidi watoto wavipige rangi viatu vya wazazi usiku bila kusema, na asubuhi wakute chungwa au njugu katika vyao. Tarehe 8 Wakatoliki huadhimisha Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Fungu moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi, mbele ya taji linatosha. Tarehe 12 ni Jamhuri, sikukuu ya taifa ambayo daima huangukia juma la pili au la tatu la Majilio, na kwa kuwa watu wazima hawaendi kazini ndiyo siku nzuri ya kumtembelea mzee au mgonjwa. Tarehe 13 ni ya Mtakatifu Lusia, ambaye Waswidi humkumbuka kwa wasichana wanaobeba mishumaa. Pikeni mandazi alfajiri na muwaamshe wengine nayo.

Kuanzia tarehe 17 hadi 23 Kanisa tangu zamani humwita Masiha kwa majina saba, moja kila jioni, na kila jina linaweza kupata kitu chake mezani. Tarehe 17 ni Hekima: kila mtu alete methali moja. Tarehe 18 ni Bwana aliyemtokea Musa katika kichaka: ongezeni tawi moja kwenye taji. Tarehe 19 ni Shina la Yese: leteni ile sahani ya ngano. Tarehe 20 ni Ufunguo wa Daudi: ufunguo wa nyumba uwekwe kati ya mishumaa, na muwaombee waliofungwa. Tarehe 21 ni Mapambazuko: amkeni mlione jua likichomoza, karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka kwenye roshani au juu ya paa la ploti. Tarehe 22 ni Mfalme wa Mataifa na jiwe la pembeni: mtoto aokote jiwe na kuandika juu yake majina ya makabila na mataifa ya majirani zenu. Tarehe 23 ni Imanueli, na siku hiyo hakuna kitu cha kuweka.

Mkisafiri mashambani

Nauli hupanda kadiri Krismasi inavyokaribia, na anayengoja tarehe 23 pale Machakos Country Bus au Nyamakima huilipa kwa hela na kwa saa za foleni. Wenye uwezo wa kutangulia kwa siku chache watangulie. Sinia na mchanga vibaki. Bebeni mishumaa ikiwa imefungwa kwenye gazeti, Maria na Yosefu mfukoni mwa mtoto, na ngano kwenye mkebe uliokatwa, ikishikwa mapajani. Mkifika, ibada iongozwe na babu au nyanya kwa lugha yao, na matawi yakatwe palepale bomani. Yule mwenye zamu ya kuwasogeza Maria na Yosefu atawakabidhi kwa nyanya achague watakapolala.

Mkesha

Jioni ya tarehe 24 washeni mishumaa yote minne, someni Luka 2 hadi wachungaji wanaporudi, na mtoto mdogo kuliko wote amlaze Yesu horini, sahani ya ngano ikiwa kando. Mshumaa mkubwa mweupe uongezwe katikati ya taji na uwashwe kila chajio hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwezi Januari. Baada ya hapo matawi yatupwe kabla hayajawa makavu kabisa, ngano wapewe kuku au sungura wa jirani, mabaki ya mishumaa yawekwe kwa ajili ya siku stima inapopotea, na maganda ya vibiriti yafungwe kwenye mfuko pamoja na utepe, namba zikiwa juu, ili Novemba ijayo karatasi peke yake ndizo ziandikwe upya.